Safari ya farasi msituni

Safari ya farasi msituni ni matembezi yanayofanywa na mtu au kundi la watu waliopanda farasi, wakipita katika njia za msitu wa hifadhi kwa ajili ya burudani, mazoezi au utalii. Kwa kawaida huchukua siku moja: watu huondoka asubuhi, hupumzika mchana na kurudi kabla ya jua kutua. Safari ya aina hii hutofautiana na mbio za farasi kwa kuwa lengo lake si kasi, na hutofautiana na safari za porini za siku nyingi kwa kuwa haihitaji kulala njiani.

Katika Afrika ya Mashariki safari hizo hufanyika zaidi katika nyanda za juu: kaskazini mwa Tanzania kwenye mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, na nchini Kenya katika maeneo ya Laikipia na Nairobi, ambako msitu wa Barabara ya Ngong unapakana na uwanja wa mbio za farasi. Katika Mkoa wa Tanga, pamoja na kata ya Kerenge katika Wilaya ya Korogwe, misitu ni mingi na mizuri lakini farasi ni wachache mno. Sababu yake kubwa ni magonjwa, na ndiyo maana mpango wa safari ya farasi katika sehemu hizi huanza na mbung'o kabla ya tandiko.

## Mazingira ya Kerenge na misitu ya jirani

Kerenge iko kaskazini-mashariki mwa mji wa Korogwe, katika bonde la mto Lwengera. Bonde hilo linatenganisha milima ya Usambara Magharibi na Usambara Mashariki, na maji yake huingia katika mto Pangani. Chini bondeni kuna joto, mashamba ya mahindi na ya katani. Juu milimani kuna ubaridi, ukungu na misitu minene.

Misitu ya Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayosifika duniani kwa mimea na wanyama wasiopatikana mahali pengine. Miongoni mwa mimea hiyo ni ua la Saintpaulia, lililopewa jina la Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyepeleka mbegu zake Ulaya mwishoni mwa karne ya 19. Hifadhi za mazingira asilia zilizo katika milima hiyo ni pamoja na Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, Nilo, ambayo sehemu yake iko katika Wilaya ya Korogwe, na Magamba katika Wilaya ya Lushoto.

Misitu hiyo ndiyo chanzo cha mito inayotegemewa na wakazi wa mabondeni kwa maji ya kunywa na ya kumwagilia. Kwa hiyo mnyama mkubwa anayeingizwa msituni, awe farasi, ng'ombe au punda, anaweza kuleta madhara kwa watu walio mbali kabisa na njia anayopita.

## Historia

### Farasi katika pwani na bara

Farasi si mnyama wa asili wa Afrika ya Mashariki, ingawa jamaa yake, punda milia, anaishi hapa tangu zamani. Farasi waliletwa pwani kwa njia ya bahari kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na walikuwa mali ya watawala na matajiri wachache. Bara hawakuenea. Misafara ya biashara ya karne ya 19 ilitegemea wapagazi waliobeba mizigo kichwani na mabegani, kwa sababu wanyama wa kubeba mizigo walikufa walipopita katika maeneo yenye mbung'o.

Taarifa za Wareno za karne ya 16 zinataja vifo vya farasi waliopelekwa kusini mashariki mwa Afrika. Wataalamu wanaona kwamba wengi wao huenda waliuawa na tauni ya farasi.

### Kampeni ya mwaka 1916

Tukio kubwa zaidi la farasi kupita katika nchi ya Korogwe na Handeni lilitokea wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Uingereza chini ya jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini yalianza kushuka kutoka Kahe, karibu na Moshi, yakifuata mto Pangani na reli ya Usambara. Yalipita Mombo, na katikati ya mwezi Juni yalifika Korogwe, kisha Handeni. Pamoja nayo walikuwemo farasi, nyumbu wa mizigo na ng'ombe wa kuvuta magari.

Katika kampeni hiyo maelfu ya farasi walikufa, wengi wao kwa nagana na tauni ya farasi, wala si kwa risasi. Farasi wapya waliletwa kutoka Afrika Kusini kuziba mapengo, nao wakafa vilevile. Mzigo waliopaswa kuubeba wanyama uliangukia wapagazi wa Kiafrika, ambao walikufa kwa maelfu kutokana na njaa, uchovu na maradhi. Kwa sababu hiyo historia ya farasi katika eneo hili haiwezi kutenganishwa na historia ya wapagazi.

### Utafiti wa mbung'o Tanga

Baadaye mji wa Tanga ulipata kituo cha serikali cha utafiti wa mbung'o na nagana. Katika miaka ya 1990 mbung'o dume walizalishwa Tanga kwa wingi, wakafanywa tasa kwa mionzi, kisha wakaachiliwa kwa ndege kisiwani Unguja. Mbung'o jike waliopandwa na madume hao hawakupata watoto, na mwaka 1997 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina tena mbung'o. Njia hiyo ilifaa kisiwani kwa sababu wadudu wapya hawawezi kuvuka bahari kwa urahisi. Bara, ambako hakuna bahari ya kuwazuia, mbung'o wangali wako katika vichaka na mapori mengi.

## Magonjwa yanayoathiri mpango

### Nagana

Nagana husababishwa na vijidudu vya jenasi Trypanosoma vinavyoenezwa na mbung'o. Farasi huathirika vibaya kuliko ng'ombe wengi wa kienyeji. Dalili zake ni homa ya vipindi, kukonda ingawa mnyama anakula, upungufu wa damu, kuvimba miguu na sehemu ya chini ya tumbo, na udhaifu wa miguu ya nyuma. Hakuna chanjo. Zipo dawa za kutibu na za kukinga kwa muda, lakini baadhi ya dawa zinazotumika kwa ng'ombe zinaweza kumdhuru farasi, hivyo hutolewa na daktari wa mifugo tu.

Mbung'o huuma mchana na huvutwa na vitu vyeusi au vya buluu vinavyotembea. Hupenda vivuli vya vichaka na kingo za mito. Katika nyanda za juu zenye baridi kwa kawaida hawapatikani. Kwa hiyo njia ya milimani ina hatari ndogo kuliko njia ya bondeni, hata kama zote mbili ziko katika wilaya moja.

### Tauni ya farasi

Tauni ya farasi, ambayo pia huitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika, husababishwa na virusi vinavyoenezwa na visubi wadogo wanaouma hasa magharibi, usiku na alfajiri. Katika aina kali mapafu hujaa maji, povu hutoka puani na mnyama hufa ndani ya muda mfupi. Farasi wasio na kinga wanaweza kufa tisa kati ya kumi. Punda na punda milia huambukizwa bila kuugua sana, na hivyo wanaweza kuwa hifadhi ya virusi. Chanjo ipo, nayo inapaswa kutolewa wiki kadhaa kabla ya farasi kupelekwa katika eneo la hatari.

Hiyo ndiyo sababu safari ya siku moja hupangwa ili farasi awe amerudi bandani kabla ya jua kutua. Banda lenye wavu mwembamba madirishani humlinda zaidi.

### Magonjwa mengine

Kupe huambukiza farasi homa ya kupe, ambayo huharibu chembe nyekundu za damu. Baada ya kupita majanini, farasi hukaguliwa masikioni, chini ya mkia, katikati ya mapaja na chini ya singa za shingo. Pepopunda huingia kupitia majeraha madogo ya kwato na miguu. Farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika nayo sana, na chanjo yake ni ya lazima kwa kila farasi wa safari.

## Sheria na vibali

Nchini Tanzania hifadhi za misitu za serikali kuu zinasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Zipo pia hifadhi za halmashauri za wilaya na misitu ya vijiji. Hatua ya kwanza kwa mpangaji ni kujua msitu ni wa nani, kwa sababu kibali cha mmoja hakifai kwa msitu wa mwingine.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kwa shughuli nyingi ndani ya hifadhi, ikiwemo kuingiza na kulisha mifugo. Hivyo haitoshi kulipa kiingilio cha mtembea kwa miguu na kisha kuja na farasi; ombi lazima litaje wanyama, idadi yao, njia na tarehe. Msimamizi anaweza kukataa kabisa, au kuruhusu barabara za magari tu na kuzuia njia nyembamba za miguu. Katika hifadhi za mazingira asilia ulinzi ni mkali zaidi. Mara nyingi mashamba ya miti ya kupandwa, yenye barabara pana za kusombea magogo, yanafaa zaidi kwa farasi kuliko msitu wa asili.

Kuhamisha farasi kutoka wilaya moja hadi nyingine kunahitaji kibali cha kusafirisha mifugo kwa mujibu wa sheria ya magonjwa ya wanyama ya mwaka 2003. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, pamoja na kumbebesha mzigo unaozidi nguvu zake au kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa.

Nchini Kenya misitu ya umma iko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, inayofanya kazi kwa sheria ya mwaka 2016. Huko pia kila msitu una masharti yake kuhusu farasi.

Mbali na sheria, ni desturi kupiga hodi kwa mwenyekiti wa kijiji kinachopakana na msitu. Watu wa kijiji ndio wanaojua daraja lililovunjika, mahali mizinga ya nyuki ilipotundikwa na njia inayotumiwa na watoto wa shule.

## Kuchagua msimu

Mkoa wa Tanga una misimu miwili ya mvua: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Wakati wa mvua udongo mwekundu wa milimani huteleza, mito hujaa ghafla na kwato huchimba njia na kuigeuza mfereji wa mmomonyoko. Miezi inayofaa ni Juni hadi Septemba, na pia Januari na Februari, ingawa miwili hiyo ina joto kali bondeni.

Njia iliyolowa huachwa ikauke hata kama tarehe ilishapangwa. Kipimo rahisi ni nyayo: kama kwato zinazama na kuacha mashimo yanayojaa maji, farasi hawapaswi kupita siku hiyo.

## Kuchagua farasi na mpandaji

Farasi wa safari ya msituni anapaswa kuwa mtulivu, aliyezoea pikipiki, mbwa, madaraja na watu wenye mizigo kichwani. Farasi mwenye mbio sana au asiyewahi kutoka shambani hafai kwa kundi.

Uzito unaobebwa, yaani mpandaji pamoja na tandiko na mifuko, kwa kawaida hauzidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 450 anaweza kubeba kilo 90. Ikiwa tandiko lina kilo 10 na mifuko kilo 5, mpandaji asizidi kilo 75. Katika milima mikali kiwango hicho hupunguzwa.

Farasi aliyekaa bila kazi hawezi kuamka siku moja na kwenda kilomita 20 milimani. Huzoezwa kwa wiki kadhaa, akianza na matembezi ya saa moja na kuongezewa polepole. Mpandaji naye huhitaji mazoezi, kwa sababu mtu aliyechoka hulalia upande mmoja na kumjeruhi farasi mgongoni.

Punda, ambaye ndiye mnyama wa kazi anayejulikana zaidi vijijini, huvumilia magonjwa na ukame kuliko farasi. Hata hivyo punda wa Afrika ya Mashariki ni mdogo na hafai kupandwa na mtu mzima kwa safari ndefu. Katika safari za msituni anaweza kutumika kubeba maji na chakula huku watu wakitembea kwa miguu.

## Umbali na muda

Farasi ana miendo kadhaa. Mwendo wa kutembea ni kilomita 6 hivi kwa saa mahali pa tambarare. Mwendo wa matiti ni karibu mara mbili ya huo. Na farasi anayekwenda shoti anaweza kupita kilomita 40 kwa saa. Msituni sehemu kubwa ya safari hufanywa kwa kutembea. Shoti haifai, kwa kuwa matawi ni ya chini, kona hazionekani na huenda kuna watu mbele.

Milimani ni salama kuhesabu kilomita 4 kwa saa. Mfano wa hesabu kwa njia ya kilomita 16:

* kutembea: kilomita 16 kwa kilomita 4 kila saa, yaani saa 4
* kupumzika dakika 10 kwa kila saa ya mwendo: dakika 40
* mapumziko ya chakula mchana: saa 1
* jumla: saa 5 na dakika 40

Kundi likiondoka saa 2:30 asubuhi litarudi saa 8:10 mchana. Jua hutua karibu na saa 12:30 jioni, hivyo hubaki zaidi ya saa nne za akiba kwa ajili ya kiatu kilichong'oka, mto uliojaa au mtu aliyeumia. Mpango usio na akiba ya angalau saa mbili huhesabiwa kuwa mbaya.

Kundi huenda kwa kasi ya farasi aliye dhaifu zaidi na mpandaji mgeni zaidi. Anayeongoza na anayefunga mkia ni watu wenye uzoefu, na kati ya farasi mmoja na mwingine huachwa nafasi ya urefu wa farasi mmoja ili kuepuka mateke.

## Maji na chakula

Farasi hunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, na zaidi ya hapo akifanya kazi kwenye joto. Hupewa maji kabla ya kuondoka na kila yanapopatikana njiani. Dhana kwamba farasi mwenye jasho hapaswi kunywa kabisa imepitwa na wakati. Anachohitaji ni kunywa na kuendelea kutembea taratibu.

Tumbo la farasi limeumbwa kula kidogo kidogo mchana kutwa. Hawezi kutapika, hivyo chakula kibaya au kingi kwa mara moja kinaweza kuleta msokoto wa tumbo, ambao huua. Mchana hupewa majani makavu yaliyobebwa kutoka nyumbani, wala haachwi ajitafutie msituni. Kwanza, kula mimea ya hifadhi ni kosa. Pili, mimea kadhaa ina sumu: lantana, iliyoenea sana kando ya njia za Usambara, hudhuru ini, na madoya ya jamii ya brakeni, yanayoota penye misitu iliyoungua, huharibu mishipa ya fahamu yakiliwa kwa wingi.

Majani makavu yakitoka mbali yanaweza kubeba mbegu za magugu, nazo hupita tumboni na kuota pamoja na mavi. Ili kuepuka hilo, farasi hulishwa chakula kisicho na mbegu kwa siku mbili au tatu kabla ya safari. Usambara Mashariki imekwisha kuona hasara ya miti ya kigeni iliyoenea yenyewe ndani ya msitu wa asili.

## Vifaa

Vifaa vya farasi ni tandiko lenye blanketi safi chini yake, hatamu na lijamu, vikuku vinavyotosha viatu, kamba ya kichwani ya kumfungia, brashi na chuma cha kusafishia kwato. Tandiko hukaguliwa kwa mkono: likigusa uti wa mgongo au likibana mabega, halifai hata kama ni jipya. Mkanda wa tumbo hukazwa tena baada ya dakika kumi za mwendo, kwa sababu farasi wengi huvuta pumzi wakati wa kutandikwa.

Mpandaji huvaa kofia ngumu, suruali ndefu na viatu vyenye kisigino kifupi, ili mguu usipenye kwenye kikuku. Rangi zinazofaa ni za kaki au kijani kilichopauka, kwa kuwa nyeusi na buluu huvuta mbung'o. Simu, filimbi, kisu na ramani hukaa mwilini mwa mpandaji, si kwenye mfuko wa tandiko: farasi akikimbia peke yake ataondoka na kila kilichofungwa juu yake.

Kikundi hubeba pia sanduku la huduma ya kwanza kwa watu na wanyama, lenye bandeji pana, maji ya chumvi ya kusafishia jeraha, kipimajoto na dawa ya kufukuza wadudu.

## Hatari za njiani

* Nyuki. Mizinga hutundikwa mitini kandokando ya misitu mingi. Harufu ya jasho la farasi huweza kuwachokoza nyuki. Farasi huzungushwa mbali na mizinga. Wakishambulia, kundi huondoka haraka kwenda mahali pa wazi.
* Mashimo. Katika Usambara yapo mashimo ya zamani ya kupasulia mbao na ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, mengine yakiwa yamefunikwa na majani. Hii ni sababu moja ya kutotoka nje ya njia.
* Upupu. Vinyweleo vyake huwasha farasi hadi akajitupa chini na mpandaji wake.
* Madaraja ya magogo. Mpandaji hushuka, hukagua na kuvuka kwa miguu. Daraja linalobeba pikipiki huenda lisibebe farasi wa kilo 450.
* Pikipiki na malori ya magogo. Kundi husimama upande mmoja, mahali pana, na kumpungia dereva mkono apunguze mwendo.
* Siafu na nyoka. Farasi hafungwi mahali bila kukagua ardhi kwanza.

## Adabu za msituni

Anayepanda farasi humpisha mwenye mzigo kichwani, mzee na mtoto, hata kama kanuni za njia zinasema mtembea kwa miguu ndiye anayempisha farasi. Vijijini watu wengi hawajawahi kumwona farasi kwa karibu, na wapo wanaomwogopa. Desturi ni kusimama, kuwaamkia na kuwaacha wapite. Mtoto akitaka kumgusa farasi, mpandaji hushuka na kumshika hatamu.

Farasi hafungwi moja kwa moja kwenye mti. Huzunguka, hukanyaga mizizi na kubandua gome. Kamba ndefu hufungwa kati ya miti miwili mikubwa iliyozungushiwa mikanda mipana, kisha farasi hufungwa kwenye kamba hiyo kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja.

Mapumziko hufanywa angalau mita 60 kutoka kwenye chemchemi au kijito. Kwa kunywesha, maji huchotwa kwa ndoo na kupelekwa kwa farasi, kwa maana kijito hichohicho huchotwa na watu kijijini. Mavi yaliyoangushwa mahali pa mapumziko huzolewa na kurudishwa nyumbani, ambako ni mbolea nzuri.

## Kukagua afya ya farasi

Farasi mzima aliyepumzika ana joto la mwili la nyuzi 37.5 hadi 38.5 hivi, mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika, na pumzi 8 hadi 16 kwa dakika. Mapigo huhisiwa kwa vidole chini ya taya. Vipimo hivi huandikwa asubuhi kabla ya kuondoka, vikawa kigezo cha siku nzima.

Wakati wa mapumziko mapigo yanapaswa kushuka. Mashindano ya kimataifa ya farasi wa masafa marefu hutumia kikomo cha mapigo 64 kwa dakika: farasi asiyeshuka hadi hapo katika muda uliowekwa huondolewa mashindanoni. Kundi la burudani halina sababu ya kuwa na kiwango cha chini kuliko hicho. Ngozi ya shingo ikivutwa na kuchelewa kurudi mahali pake, farasi amepungukiwa na maji. Farasi anayechechemea hapandwi tena; mpandaji hurudi kwa miguu akimwongoza.

Baada ya safari farasi hutembezwa taratibu mpaka atulie, huvuliwa tandiko, huoshwa, hukaguliwa mgongo, kwato na kupe, kisha hupewa maji na majani. Joto lake huendelea kupimwa asubuhi na jioni kwa wiki mbili hadi tatu. Nagana na tauni ya farasi hazionekani siku ya safari. Homa huja baadaye, na mwenye farasi aliyeacha kupima mapema huigundua ikiwa imechelewa.

## Endapo masharti hayatimii

Safari huahirishwa ikiwa chanjo hazijakamilika, kibali hakijatoka, njia imelowa au mbung'o wameonekana kwa wingi. Kwa eneo la Kerenge hii ina maana kwamba bonde la Lwengera hutembelewa kwa miguu au kwa baiskeli, na farasi huachwa kwa nyanda za juu zenye baridi. Njia za misitu ya Usambara hutembelewa na watalii wa miguu kwa mamia ya kilomita, na waongozaji wa vijijini wanazijua vizuri.

## Tazama pia

* Farasi
* Punda
* Mbung'o
* Milima ya Usambara
* Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani
* Kerenge